"Kipindi" au "Duru"? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Kemia

Miongoni mwa istilahi ambazo watafsiri wa matini za kemia huzitumia pasipo kuzihoji ni kipindi, yaani mstari wa mlalo katika jedwali radidia la elementi. Si nia yetu kubeza kazi ya waliotangulia. Twataka kuipima istilahi hii kwa kazi inayotakiwa kuifanya.

Asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya kuzunguka hata kurudi palipoanziwa. Aliyetafsiri kipindi alishika tawi la muda, akaliacha shina. Kwa mwanafunzi wetu, kipindi cha tatu ni somo linalofuata la pili. Katika jedwali hakuna muda wowote.

Kinachotakiwa kueleweka ni huko kurudi. Tutazame mstari wa tatu. Kutoka sodiamu hadi klorini, protoni huongezeka kutoka 11 hadi 17, na elektroni zinazoongezeka huingia katika ganda lile lile la nje. Kwa hiyo kiini huzivuta kwa nguvu zaidi, na nusukipenyo cha atomu hupungua kutoka pikomita 186 hivi hadi 99. Mstari ukiisha kwa agoni, potasiamu hufungua ganda jipya: nusukipenyo hufikia pikomita 227 hivi, na metali laini yenye kuchachamaa majini, mfano wa sodiamu, imerudi tena.

Ni marudio hayo yaliyomwezesha Mendeleev, mwaka 1871, kueleza sifa za elementi isiyojulikana iliyopaswa kukaa chini ya alumini. Mwaka 1875 galiamu ikagunduliwa, ikakaa pale pale.

Kwa maoni yetu, duru yafaa zaidi. Safu yaonyesha mahali tu, na wengine huitumia kwa mstari wa wima. Mzunguko tayari una kazi nyingine katika masomo ya umeme. Duru ni neno fupi, limezoeleka katika michezo na uchaguzi, na laafikiana na sifa ya radidia iliyomo katika jina la jedwali lenyewe.

Itasemwa kwamba kipindi kimekwisha kuzoeleka. Hoja hiyo ina uzito, kwani kubadili istilahi ovyo huwachanganya wanafunzi. Lakini istilahi isiyobeba dhana humlazimisha mwalimu kukaririsha: "hupungua kuelekea kulia, huongezeka kuelekea chini." Mwanafunzi huyajibu hayo katika mtihani, asijue sababu yake, akiulizwa kuhusu elementi asiyoikariri, hana la kusema.

Twapendekeza, basi, kwamba katika matini mpya duru itangulie na kipindi kifuate katika mabano, hata walimu na watahini waizoee. Istilahi nzuri haimalizi somo, bali haipasi kumzuia mwanafunzi kulianza.