Boti Fupi, Meli Ndefu

Hasamba hakuna bahari. Kuna kahawa, kuna ukungu wa asubuhi, na barabara kuu ya kwenda Tunduma haiko mbali. Mimi nilijifunza kutazama meli kabla sijaiona hata moja, nikiwa mtoto, nimekaa kando ya barabara hiyo nikihesabu malori. Aliyenivutia zaidi alikuwa utingo. Dereva akitaka kurudisha semi nyuma penye nafasi finyu, utingo huruka chini, huenda nyuma, hupiga bodi kwa kiganja. Mapigo mawili, njoo. Pigo moja, simama. Chuma chote kile kinamtii kijana wa kandambili.

Miaka mingi baadaye nilisimama Magogoni, Dar es Salaam, karibu na soko la samaki la Feri, meli ya makontena ikawa inaingia. Nikamwona utingo yule yule. Safari hii alikuwa tagi.

Tagi ni boti ya kuvuta na kusukuma meli: fupi, nene, ubavuni imevishwa matairi. Watu wanaosubiri pantoni huinua simu kuipiga picha meli, na tagi hukatwa pembeni. Hilo huniuma kama kumkata bibi harusi kwenye picha ya harusi. Maana pale langoni, mkondo unapopita kati ya Magogoni na Kigamboni, meli kubwa haijiwezi. Ikishapunguza mwendo, maji hayapiti kwa nguvu kwenye usukani wake, na usukani usiopata maji hautii. Rubani wa bandari yuko juu kwenye daraja la meli, redio mkononi. Anasema neno, na tagi la nyuma linakaza kamba. Matagi mengi ya siku hizi yana pangaboi zinazogeuka pande zote, kwa hiyo boti inaweza kwenda kiubavu, kurudi kinyumenyume, au kuzunguka pale pale ilipo kama pia.

Ukitaka kulielewa tagi, itazame kamba. Ikiwa haina kazi hulala majini, mvivu kabisa. Kazi ikianza huinuka polepole huku ikichuruzika, halafu hunyooka ghafla, na maji yote yaliyokuwa ndani yake huruka kwa mkupuo kama vumbi jeupe. Haifiki sekunde moja. Nimewahi kukaa alasiri nzima na kibali changu cha kupiga picha mfukoni nikiivizia sekunde hiyo, na kwa miaka yote nimeipata sawasawa mara tatu. Picha moja kati ya hizo tatu ina kidole changu.

Ufundi wenyewe ni wa mambo madogo. Asubuhi jua liko upande wa Kigamboni, na anayepigia Magogoni hupata vivuli tu. Ngoja saa kumi jioni, jua liwe mgongoni. Ndani ya pantoni usiegemee chuma, kwa sababu injini hukutetemesha mpaka meno: kunja magoti kidogo, miguu ipokee mtikisiko. Lenzi ifute kwa kipande cha kanga kuukuu, kwani kanga mpya bado ina ugumu wa dukani na chumvi haisamehi. Na yajue maji. Wakati wa bamvua, kina hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na meli ile ile uliyoipiga ikiwa juu ya gati, baada ya saa chache utaikuta imekaa chini kama iliyochoka.

Manowari ni habari nyingine. Kamandi ya Jeshi la Wanamaji iko Kigamboni, ng'ambo tu, na vyombo vya jeshi havipigwi picha bila ruhusa. Hapo kamera huingia mkobani, na sijawahi kubishana na mlinzi. Mwanzoni niliona nimenyimwa. Siku hizi nadhani macho yangu yanafanya kazi vizuri zaidi mikono ikiwa mitupu: naona jinsi rangi ile ya kijivu inavyoimeza meli wingu likipita, na jinsi inavyoitapika jua likirudi. Ipo meli ya jeshi isiyojificha, Peace Ark, ya hospitali, ya jeshi la majini la China, nyeupe yenye misalaba mikubwa myekundu, urefu wake mita 178. Ilikuja Dar es Salaam mwaka 2010, ikarudi 2017 na 2024, na watu wakapanda kutibiwa.

Sheria ya kutopiga picha manowari si ya bure. Mwaka 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha ndani ya mito ya Delta ya Rufiji. Waingereza waliipiga picha kutoka angani, wakahakikisha ilipo. Kilichobaki kilikuwa kuifikia. Walileta Severn na Mersey, meli za mizinga zenye matumbo bapa zilizojengwa kwa ajili ya mito, na hizo hazikuja kisiwani Mafia, jirani na delta, kwa nguvu zake zenyewe. Zilikokotwa na matagi kutoka Malta, kupitia mfereji wa Suez, mwendo wa zaidi ya mwezi. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaishia pale pale mtoni. Vitabu husifu mizinga na ndege. Matagi hupewa nusu sentensi, nayo ndani ya mabano.

Mwaka jana nilikuwa Tunduma, kwenye maegesho ya malori. Semi lililobeba kontena la bandarini lilikuwa linarudi nyuma kati ya mengine mawili, na utingo yuko nyuma, kiganja kwenye bodi. Nikapiga picha. Akaja kuchungulia kioo cha kamera.

"Mzee, mbona gari umelikata?"

Nikamwambia nimelikata makusudi. Alinitazama kidogo, akanitajia namba yake ya simu ili nimtumie, kisha akarudi mbio nyuma ya semi na kupiga bodi mara mbili.