Mgeni na Jembe: Kazi ya Mwanafunzi Ugenini katika Vitabu Viwili

Mithali ya Waswahili yasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Ndani yake mna mambo mawili yasiyotajwa, maana wenyeji walioitunga hawakupata kuyatilia shaka. La kwanza ni kuwa mwenyeji ana jembe la ziada, naye yu radhi kulitoa. La pili ni kuwa mgeni akilipokea hapungukiwi na heshima, bali huongezewa, kwani tangu siku hiyo huhesabiwa miongoni mwa watu wa nyumbani. Mwanafunzi wa Kiafrika aendaye kusoma nchi za mbali hukuta mambo yote mawili yamepinduliwa. Ada ya chuo yamdai, kodi ya chumba yamdai, na tumbo nalo lamdai. Jembe hulitafuta mwenyewe, akapewa kwa masharti, au akanyimwa, au akapewa lile ambalo mwenyeji hataki kulishika. Hali hiyo imeandikwa katika vitabu vingi. Viwili vyafaa kuwekwa pamoja, kwa sababu kila kimoja hudhihirisha upungufu wa chenziwe: maisha ya Kwame Nkrumah kama alivyoyaandika mwenyewe katika kitabu kilichotoka mwaka 1957, na Americanah, riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie ya mwaka 2013.

Nkrumah alifika Marekani mwaka 1935, siku ambazo wenyeji wenyewe walihangaika kwa uhaba wa kazi, akaingia Lincoln University katika jimbo la Pennsylvania. Orodha ya kazi zake ni ndefu. Aliuza samaki katika mitaa ya Harlem mpaka ngozi ikamtoka vipele. Aliajiriwa katika kiwanda cha sabuni, mahali ambapo jina lake lingemfanya mtu atazamie harufu nzuri. Kumbe kazi ilikuwa kupakia matumbo ya wanyama yaliyooza, hata daktari akamshauri aiache. Alijiandikisha melini kuwa mtumishi wa mezani, na kwa kuwa hakuijua kazi hiyo, akashushwa jikoni kusugua vyungu. Wakati wa vita alifanya kazi katika karakana ya meli mjini Chester tangu saa sita ya usiku hadi saa mbili ya asubuhi, kisha mchana akarejea kwenye masomo. Baridi ilimwingia kifuani, akalazwa hospitali kwa nimonia.

Sifa ya kurasa hizo ni uwazi wake. Mwandishi aliyekuwa mkuu wa serikali haoni haya kutaja uvundo, njaa, na usiku wa kulala ndani ya treni za chini ya ardhi kwa kukosa kodi ya chumba. Walakini kitabu chote kimesimama juu ya mithali nyingine, "Mchumia juani hulia kivulini," nacho kiliandikwa kivulini. Kilitoka mwaka ule ule ambao Gold Coast ilipata uhuru na kuitwa Ghana. Msomaji hamhofii kijana yule hata mara moja, maadamu ajua kitini alikokwisha kukaa. Kila kazi hupewa sehemu yake, hutaabisha, kisha hupita, mithili ya ngazi ambayo mguu umekwisha kuiacha. Hapo ndipo penye kasoro. Yeye alikiacha kiwanda cha sabuni, wengine walibaki. Wale waliobaki hupita ukurasani kama vivuli, na msomaji hufikia kuamini kuwa taabu ni kitu ambacho asili yake ni kupita.

Americanah hukataa faraja hiyo. Ifemelu, binti wa Kinijeria, afika Marekani akiwa na ruhusa ya kusoma, asiwe na ruhusa ya kutafuta kazi apendako. Shangazi yake ampatia kadi ya serikali ya mwanamke mwingine, na kwa jina hilo la kuazima apita Philadelphia akiomba kazi ya kuhudumu mezani, ya kupokea wageni, ya kupokea fedha dukani. Kotekote ajibiwa kwa upole, na upole huo haumpi kitu. Tofauti yake na Nkrumah si ya ushupavu. Nkrumah aliulizwa kama ana mikono. Ifemelu aulizwa kwanza kama ana karatasi.

Lugha ya Kiswahili ina neno lililoshika siri hiyo kabla ya riwaya. Mfanya kazi wa kutwa huitwa kibarua, yaani barua ndogo, kwa ajili ya kile kipande cha karatasi alichopewa zamani kazini, akakirudisha alipolipwa ujira wake. Karatasi ilimmeza mtu, ikawa jina lake. Adichie, bila shaka pasipo kulifikiria neno hili, ameandika kisa chake kwa ukamilifu: Ifemelu ageuka kuwa kadi aliyoishika, na kadi hiyo ina jina lisilokuwa lake. Jambo hilo hilo lampata Obinze, mpenzi wake, anayesafisha vyoo Uingereza kwa namba ya mtu mwingine mpaka anakamatwa na kurudishwa kwao.

Kilele cha sehemu hiyo ni siku ambayo Ifemelu, kodi ikiwa imemshinda, arudi kwa mwalimu mmoja wa mchezo wa tenisi ambaye alikwisha kumkataa, akubali kuguswa, na kulipwa dola 100. Mwandishi hapigi mayowe wala hahubiri. Linalofuata ndilo jambo lililoandikwa kwa ustadi mkubwa kuliko yote: Ifemelu anyamaza. Haitiki simu za Obinze, hasomi barua zake, na mapenzi ya miaka yakatika bila neno. Katika maisha ya Nkrumah taabu yote husimulika. Katika riwaya hii taabu iliyo kubwa ni ile isiyoweza kusimuliwa kwa watu wa nyumbani.

Wako watakaosema kuwa ulinganishi huu hauna haki. Mtu anayeandika maisha yake mwenyewe ana staha ya kulinda, tena kiongozi wa taifa changa alipaswa kuwatia vijana moyo, si kuwavunja. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Nnamdi Azikiwe, aliyekwenda Marekani mwaka 1925 na baadaye akawa rais wa kwanza wa Nigeria, aliandika katika My Odyssey, kitabu cha mwaka 1970, kwamba ukosefu wa kazi na fedha ulimfikisha hatua ya kujaribu kujitoa uhai. Cheo hakikumziba kinywa. Basi kimya cha Nkrumah juu ya giza la moyo hakikulazimishwa na aina ya kitabu. Ni uchaguzi wa mwandishi, na uchaguzi huhukumiwa.

Haki yataka riwaya nayo ihukumiwe. Baada ya giza lile Ifemelu apata kazi ya kulea watoto katika nyumba ya matajiri. Humo akutana na Curt, binamu wa mwenye nyumba, naye kwa kufahamiana na wakubwa amfungulia mlango wa kazi halali na karatasi zake. Kivuli kilichokataliwa chaingia kwa mlango wa nyuma. Hata hivyo Adichie hakifichi kilivyopatikana. Palepale amweka rafiki wa Ifemelu, Wambui, msichana wa Kenya, anayefanya kazi tatu za siri ili akusanye dola 5,000 za kulipia ndoa ya karatasi. Mmoja avuka kwa bahati, mwingine abaki mtoni, na msomaji awaona wote wawili kwa mara moja. Mtu wa namna ya Wambui ndiye aliyekosekana katika kiwanda cha sabuni cha Nkrumah.

Suala hili si la mapambo ya fasihi tu. Hata leo sheria ya Marekani humruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa juma wakati wa masomo, na saa hizo hazilipi ada. Kijana anayeondoka Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura huenda na hadithi kichwani, na hadithi hiyo humwamulia lipi la kuandika kwao na lipi la kuficha. Aliyelelewa na hadithi ya ngazi pekee, akianguka, hudhani kuwa ni yeye peke yake aliyeanguka, akanyamaza kama Ifemelu. Kitabu cha Nkrumah chafaa kusomwa kwa ajili ya ushupavu wake. Lakini kisomwe baada ya Americanah, ili msomaji awe amekwisha kujifunza kuuliza ni nani aliyebaki akipakia matumbo yale, na kama aliwahi kuandika barua kwao.