Mzazi Mzee Katika Ushairi: Taswira na Stara

Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake mwaka 1858, maradhi yalikuwa yamemshika mwaka mzima. Hakuwa kikongwe, lakini alihisi kuwa safari yake imekaribia. Miaka michache baadaye alifariki. Katika utendi huo wenye beti zaidi ya 100, habari ya ugonjwa imepewa nafasi ndogo mno. Hatuonyeshwi mwili uliodhoofu. Tunaonyeshwa mama anayemwita binti yake akae karibu, achukue wino na karatasi. Mwenye kusema ni mzazi, mwana anaandika. Shaaban Robert naye aliifuata njia hiyo katika Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili, alipomuusia binti yake na mwanawe wa kiume.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mara nyingi mwana ndiye msemaji, na mzazi amenyamazishwa. Mama ni jua linalotua. Baba ni mti uliopukutisha majani. Machozi yapo, tena mengi, ila mtu hayupo. Jua halina hasira, na mti haukatai uji. Msomaji humhurumia mshairi kwa huzuni yake, akamsahau mzee anayelilwa angali hai.

Taswira nyingine tuliyoizoea sisi watu wa pwani ni ya maji: yakipwa, yatajaa. Lakini Kiswahili sasa kinatungiwa mashairi hata mbali na bahari. Kibara, wilayani Bunda, ipo kwenye rasi ya Ziwa Victoria inayoelekea Ukerewe, na ziwa halipwi na kujaa kama bahari yetu. Mshairi wa huko akituazima taswira hiyo, ameazima faraja asiyoiona kwa macho yake. Na tukisema kweli, hata kwetu faraja hiyo ina kasoro: nguvu za mzee zikipwa, hazirudi.

Kibara ina taswira zake. Tumfikirie mvuvi mzee ambaye macho yake yamepungua nuru. Hapandi tena mtumbwi. Ameketi kivulini, wavu u mapajani, vidole vyapapasa fundo baada ya fundo. Akifika kwenye fundo alilofunga mwanawe, anasita, analifungua, analifunga upya, kisha anauliza ni nani aliyefunga vile. Mshairi hana haja ya kutaja upofu. Fundo limebeba uzee wa baba, haya ya mwana na mapenzi baina yao, na baba angali mwalimu. Ukweli haukufichwa, na stara haikuvunjwa.

Ng'ambo ya pili, katika kijiji cha Namagondo, Ukerewe, ndiko alikozaliwa Euphrase Kezilahabi, ambaye diwani yake ya Kichomi (1974) ilitufungulia mlango wa shairi lisilofungwa na vina na mizani. Wengi wameingia mlango huo wakidhani wamepunguziwa kazi. Sivyo. Vina vikiondoka, mzigo wote huielemea taswira, na taswira iliyochakaa haiubebi.

Hatusemi mwana asilie. Alie, lakini kwanza asogee karibu, achukue wino na karatasi, asikilize. Mzee bado ana la kusema.