Ifuate Ikiwa Baridi

Kabla hamjamaliza kusalimiana na muuzaji, weka kiganja juu ya silinda. Ukikuta joto, ujue ameiwasha kabla hujafika, na ulichokuja kukisikia kimeshapita. Injini ya mipigo miwili husema ukweli wake katika dakika ya kwanza, ikiwa baridi: imekubali kiki ya pili au ya kumi, ina kishindo chini au haina, moshi wake ni wa oili ya kawaida au wa oili ya gia. Ikishapata joto vyuma hutanuka, nafasi hujaa, na hata iliyo taabani huonekana nzima. Mwambie kwa adabu kwamba utasubiri ipoe, au utarudi kesho alfajiri.

Ninayoizungumzia ni Yamaha RD350LC, iliyotoka mwaka 1980. Naipenda, na sijui shule bora kuliko hiyo kwa anayetaka kuzijua pikipiki za mwendo kasi za aina hii. Ina silinda 2, sentimita za ujazo 347, inapozwa kwa maji, ina gia 6, na nguvu za farasi zipatazo 47 katika chombo kisichofika kilo 150. Stata ya umeme haina. Kule Uingereza iliwapandisha wazimu vijana wa wakati ule. Kulikuwa na mashindano ya Pro-Am, ambako waendeshaji walipewa Yamaha zilizo sawa na funguo zikapigiwa kura, asilalamike mtu kwamba mwenzake amepewa iliyo bora. Mwendeshaji wa mashindano Niall Mackenzie alipitia humo. Mdogo wa LC hiyo, RD250LC, aliuzwa hata kwa wanafunzi wa udereva wenye miaka 17, maana sheria ya pale iliwaruhusu wakati huo kupanda hadi ujazo wa 250. Fikiria basi ni nyua ngapi na mitaro mingapi chombo hicho kimeionja kabla hakijafika mbele yako.

Aliyekulia kwetu huenda harufu ya injini hizi aliinusa kwanza kwenye Yamaha AG100 ya bwana shamba, au DT ya mmisionari. Lakini kizazi cha bodaboda kimelelewa na mipigo minne, kwa hiyo tuelewane. Humu hamna valvu zinazofunguka na kujifunga kichwani. Pistoni yenyewe ndiyo mlango: ikipanda inafunika matundu ya silinda, ikishuka inayafunua. Chini yake, sanduku la kranki ndilo pampu. Pistoni ikipanda, sanduku linavuta hewa na petroli kutoka kwenye kabureta kupitia vilimi vyembamba vya chuma vinavyoruhusu kuingia tu. Ikishuka, linausukuma mchanganyiko huo juu. Sanduku hilo likivuja, hewa isiyohesabiwa inapenya, petroli inapungua kwenye mchanganyiko, moto unakuwa mkali, pistoni inatanuka hadi inang'ang'ania ndani ya silinda. Injini imenoki. Anayenunua LC, swali lake la kwanza na la mwisho ni hilo: inavuja?

Anza ufunguo ukiwa umezimwa. Simama juu ya kiki kwa uzito wako. Inapaswa kukukatalia, kisha ishuke kwa kusitasita. Ikizama kama mguu kwenye tope, ringi zimekwisha. Mwenye geji ya kompresheni aifunge kwenye tundu la plagi, afungue mkono wa mafuta hadi mwisho, apige kiki mpaka mshale usimame. Namba yenyewe hainisumbui sana, kwa kuwa geji hazilingani. Ninachokitazama ni tofauti ya kushoto na kulia. Ikizidi sehemu moja ya kumi, silinda moja ina neno.

Sasa iwashwe. Moshi wa bluu mwanzoni usikutishe, huo ni wa oili iliyotuama, nao hupungua baada ya mwendo mfupi. Moshi mzito mweupe usiokoma, wenye harufu ya oili ya gia iliyoungua, unakuambia kwamba sili ya kranki ya upande wa kulia, iliko kluchi, imechoka na injini inainywa oili ya giaboksi. Moshi mweupe wenye harufu ya utamu ni maji ya rejeta, tatizo la gasketi ya silinda hedi. Hayo yote yanaonekana. Sili ya kushoto, nyuma ya magneto, haitoi moshi wowote. Inaingiza hewa kimyakimya, na hiyo ndiyo inayoua. Dalili yake ni moja: ukiachia mkono wa mafuta ghafla, injini haishuki mara moja kukaa sailensa, inabaki juu ikilia, halafu inashuka pale inapotaka yenyewe. Sili ni mpira, na mpira hukakamaa kwa kulala. Pikipiki iliyokaa miaka 10 chini ya turubai, safi kama imetoka dukani, yaweza kuwa na sili mbovu kuliko inayotembea kila wiki.

Kuhusu sauti, mlio wa njuga upande wa kulia unaonyamaza ukivuta kluchi ni wa kikapu cha kluchi, na LC nyingi wanao. Punguza bei, usikimbie. Mngurumo mzito unaousikia kwenye vikanyagio, ukipanda pamoja na mizunguko, ni beringi za kranki. Hapo jipange. Kranki ya injini hii imeunganishwa kwa vipande vilivyoshindiliwa kimoja ndani ya kingine, na kuitengeneza kunataka mashine ya kushindilia na geji inayosoma sehemu za mia za milimita. Nyundo ya kijiweni itaiharibu. Katika ukarabati wote wa LC, sijui kitu kinachokula fedha kama kranki na silinda, na vyote viwili vimejificha ndani, wakati rangi mpya ya tangi inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Ndiyo maana huomba jambo ambalo wauzaji wengi hawalipendi: tufungue ekzosi. Ni nati 2 tu kila upande. Mulika tochi kwenye tundu, shusha kiki taratibu kwa mkono, pistoni ipite mbele ya macho yako. Mchirizi mmoja mwembamba unasameheka. Mikwaruzo ya wima iliyofuatana, au alumini iliyopakaa ukutani mwa silinda, ni ushahidi kwamba ilishanoki na ikasuguliwa kwa msasa ili iuzike. Kisha toa plagi, mulika kichwani mwa pistoni: mara nyingi utasoma namba iliyogongwa. Silinda hizi zina ala ya chuma cha kusubu, zinaweza kuboliwa kwa hatua za robo milimita hadi milimita moja. Ukikuta 1.00, silinda hiyo iko mwisho wa safari yake, na gharama ya kuweka ala mpya iingie kwenye bei. Muuzaji akikukatalia kufungua ekzosi, mshukuru, ondoka.

Namba za chesisi na za injini zianze na 4L0, na kutoka kiwandani zililingana. 4L1 ni ile ya 250, na wapo waliozifunga injini au silinda za 350 kwenye fremu hizo. Si dhambi, lakini isiuzwe kwa bei ya 350 halisi. Shika gurudumu la nyuma ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, bushi za mkono wa nyuma zimeliwa. Tazama vizuizi vya usukani chini ya shingo ya fremu: vikiwa vimebonyea, chombo kilishapiga kitu.

Umeinunua. Usiguse jeti kwanza. Kosa la wengi ni kuanza na kabureta, wakiseti petroli ili ifidie hewa inayovuja, na matokeo yake leo inakaa vizuri, kesho imenoki. Ziba matundu ya ekzosi na ya kabureta, pampu hewa ndani ya injini hadi paundi 6 kwa inchi ya mraba, zisizidi, kisha subiri. Mshale wa geji ubaki pale pale kwa dakika kadhaa. Ukishuka, paka maji ya sabuni kwenye viungo vyote, mapovu yatakuonyesha mahali. Kazi hii ya nusu saa ina thamani kuliko kabureta mpya, nami siendeshi injini ya mtu yeyote ambayo haijapimwa hivyo. Baada yake weka taiming, milimita 2.0 kabla pistoni haijafika juu kabisa, kwa geji ya saa iliyofungwa kwenye tundu la plagi. Kisha pampu ya oili: itoe hewa, na alama zake zilingane kebo inapovutwa.

Hapo ndipo zamu ya Mikuni, kabureta mbili za milimita 26. Anza na jeti kubwa kuliko unayodhani, ushuke hatua moja moja. Petroli ikizidi, injini inakohoa na plagi inakuwa nyeusi. Ikipungua, inakwenda vizuri ajabu, nyepesi, kali, halafu inanoki. Ukiona imechangamka kupita kawaida, ogopa. Kupima, fungua mkono wote kwenye gia ya juu katika barabara iliyo wazi, kisha kwa pamoja zima swichi na vuta kluchi, uache iteleze hadi isimame. Plagi itakuwa imehifadhi rangi ya moto ule. Kahawia ya mbao ndiyo unayoitaka. Nyeupe kama chokaa, rudi nyumbani polepole ubadili jeti.

Na jeti ni ya mahali. Hili linamhusu hata mwenye DT au AG100. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo injini huridhika na jeti ndogo. Iteremshe pikipiki hiyo hiyo Mombasa bila kubadili kitu: hewa imekuwa nzito, petroli ni ile ile, mchanganyiko umekosa petroli, na barabara ndefu iliyonyooka inakualika kufungua mkono wote. Badili jeti kabla ya kushuka. Aliyechanganya oili ndani ya tangi ana tahadhari nyingine: katika mteremko mrefu, mkono ukiwa umefungwa, petroli haiingii na oili haiingii nayo, wakati kranki inazunguka kwa kasi. Vuta mkono kidogo kila baada ya muda, inywe.

Kutanua matundu ya silinda sikushauri. Ukiinua tundu la ekzosi kidogo tu, nguvu inahamia juu, na LC ambayo kawaida huamka kwenye mizunguko 6,000 hivi inakuwa mfu chini yake, haifai mjini wala milimani.

Ekzosi ni habari nyingine, kwa sababu katika injini hii ni sehemu ya injini. Umbo lake, linalotanuka kisha kubanana, hurudisha wimbi la mgandamizo kwenye silinda kwa wakati wake na kuusukuma ndani mchanganyiko uliotaka kutoroka. Aliyeifikisha elimu hiyo mbali ni Walter Kaaden, mhandisi wa MZ kule Zschopau, Ujerumani Mashariki. Mwaka 1961 mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitoroka baada ya mashindano ya Sweden na kuichukua elimu hiyo hadi Suzuki. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa ujazo wa 50 akiwa na Suzuki. Viwanda vya Japani vilivyofuata njia hiyo ndivyo vilivyotuletea mashine kama LC. Kwa hiyo ekzosi iliyobonyea imebadili injini, na ekzosi ya mashindano iliyofungwa bila kubadili jeti imeitafutia injini kifo.

Nikiwekewa LC mbili, moja imeng'arishwa na ina ekzosi za mashindano, nyingine ina kutu kwenye fremu na ekzosi zake za kiwandani bado nzima, nachukua ya pili bila kuuliza mara mbili. Nawe ukizipata ekzosi hizo za Yamaha, hata kama umefunga nyingine, usiziuze. Zisafishe masizi, zipake oili, uzitundike mahali pakavu.