Kuuza Kahawa, Kuuza Maua

Juzi kijiweni Kashai, hapa Bukoba, ubishi nusura ugeuke ngumi. Redio ilikuwa inapiga "Salome" ya Diamond Platnumz na Rayvanny, ile ya 2016. Mshkaji mmoja akaguna: "Saida kawauza Wahaya." Mwingine akadakia kwamba msanii wa kweli habebwi na mtu, anabaki andagraundi mpaka anazikwa. Nilinyamaza. Leo naomba nijibu kwa kalamu.

Ndugu msomaji, tuanze na kazi yenyewe. Mwaka 2001 Saida Karoli alitoa "Maria Salome", wimbo ambao mitaani wengi waliuita "Chambua Kama Karanga". Aliimba Kihaya. Watu wasiojua hata kusalimia kwa Kihaya wakaucheza harusini. Usikilize tena kwa makini. Sauti yake haina haraka ya kumfurahisha mgeni: anaita, wenzake wanaitikia, ngoma inawafuata, kama tuko uani kwa mtu kule Muleba. Hakupunguza lugha ili auze. Kilichoongezeka ni wasikilizaji. Sasa usaliti uko wapi?

"Salome" ya Diamond ni habari nyingine. Inachezeka, sikatai. Lakini Kiswahili kimetawala, na kwa sikio langu yule Salome aliyekuwa na heshima zake amebaki kiuno. Hilo ni kosa la ladha, tumjadili Diamond kwa hilo. Saida yeye alirudi 2017 na "Orugambo". Mtu aliyewauza watu wake angerudi na Kihaya cha nini?

Na hii imani kwamba msanii safi ni yule asiyelipwa tumeitoa wapi? Wapiga nanga wetu wa zamani waliimba kwenye majumba ya Abakama, wakala huko na rubisi wakanywa. Bado tunajivunia tenzi zao.

Wahaya tunalo neno linalofaa hapa: butura. Ni kuuza kahawa ikiwa bado maua mtini. Shida inakubana, mwenye pesa anakuja, anakupa kidogo leo, msimu ukifika anavuna yeye. Babu yangu kule Kamachumu aliwahi kuuza hivyo, akabaki kuhesabu magunia ya mwenzake. Hakuna aliyemlaumu babu kwa kuuza kahawa, maana kahawa hulimwa iuzwe. Uchungu ulikuwa kuuza asichojua kitazaa kiasi gani.

Wasanii wetu wengi huanguka hapo hapo. Anaingia studio bila senti, anatia saini karatasi asiyoielewa, wimbo ukishapaa ndiyo anauliza ni wa nani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, lakini haiwezi kukusomea mkataba.

Nasema haya kwa sababu yamenifika. Jamaa mmoja alitaka kununua mswada wa riwaya yangu, moja kwa moja, jina na kila kitu. Pesa yenyewe ingelipa kodi ya chumba miezi mitatu. Nina miaka ishirini na minne, kidato cha nne, kazi sina. Nililala siku mbili na ile karatasi chini ya mto, kisha nikairudisha.

Kijiwe kizima kiliniita mjinga. Walewale waliomwita Saida msaliti!

Anayeona nimekosea, ukurasa wa toleo lijalo ni wake.