Kujaza Gesi ni Kujaza Nini? Uhakiki wa Istilahi za Matengenezo ya Viyoyozi Majumbani

Mjadala wa istilahi za ufundi katika Kiswahili mara nyingi huishia kwenye majina ya vyombo. Huulizwa kama tuseme eisii au kiyoyozi, friji au jokofu, na jina likishapatikana huhesabiwa kuwa kazi imekwisha. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba, katika ufundi wa viyoyozi vya majumbani, tatizo kubwa haliko katika majina bali katika vitenzi, yaani maneno yanayotaja kazi aifanyayo fundi. Upungufu huo humgharimu mwenye nyumba fedha, na mara nyingine huhatarisha maisha yake.

Neno kiyoyozi limekwisha kukubalika. Maneno kompresa, kapasita na geji ni ya mkopo, lakini hayamdhuru mtu. Fundi na muuza vipuri huelewana kwayo bila shaka yoyote, wala hatuoni haja ya kuyaondoa. Maneno yanayopotosha ni yale ambayo hakuna aliyewahi kuyatilia mashaka, kwa kuwa ni Kiswahili cha kila siku: kujaza, kuvuja na kutengeneza. Tutayapima moja baada ya jingine.

1. Kujaza gesi

Kiyoyozi kikishindwa kupoza chumba, mwenye nyumba huambiwa, "Gesi imeisha, tujaze." Naye hukubali mara moja, kwa sababu nyumbani kwake yuko mtungi wa gesi ya kupikia, ambayo huisha kwa kutumika na hujazwa upya. Neno limemletea picha ya jikoni, na picha hiyo si sahihi.

Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha. Imo ndani ya mabomba yaliyofungwa pande zote. Kompresa huishindilia mpaka ikawa ya moto. Katika sehemu ya nje ya mtambo hutoa joto lake na kugeuka kimiminiko. Kisha hupita katika njia nyembamba, na inapofika sehemu ya ndani huvukiza na kufyonza joto la chumba. Hapo hurudi kwenye kompresa na kuanza mzunguko upya. Mtambo usio na tundu waweza kufanya kazi miaka mingi kwa gesi ileile. Ikiwa gesi imepungua, basi imevuja. Na ikiwa imevuja, pana mahali pa kuzibwa.

Fundi ajazaye pasipo kutafuta tundu atarudi kujaza tena, nayo malipo yatarudi pamoja naye. Hatusemi kwamba kila fundi hufanya hivyo kwa hila. Wengi wamelipokea neno kama walivyolikuta. Lakini neno lenyewe halimpi mteja sababu ya kuuliza swali.

Tunapendekeza kufidia gesi. Kitenzi fidia chafahamika kwa kila mtu, nacho hubeba ndani yake maana ya hasara iliyotangulia. Mwenye nyumba akiambiwa, "Tutafidia gesi iliyovuja," atauliza palepale, "Imevujia wapi?" Istilahi inayozaa swali la haki imetimiza kazi yake.

Liko jambo la pili katika neno hilihili. Gesi za viyoyozi si moja. R-22 huharibu tabaka la ozoni, na matumizi yake yamekuwa yakipunguzwa kwa mujibu wa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. R-410A haidhuru ozoni, ila kilo yake moja ikitoka hewani huongeza joto la dunia sawa na kilo 2,088 za kaboni dioksidi, kwa hesabu ya miaka 100. Gesi za namna hiyo ndizo zilizoingizwa katika Rekebisho la Kigali, lililopitishwa katika mji mkuu wa Rwanda mwezi Oktoba 2016. R-32 huwaka, ingawa si kwa wepesi. R-290 ni propani, nayo huwaka sawasawa na gesi ya jikoni. Mtambo uliotengenezwa kwa gesi moja haufai kutiwa nyingine kiholela, na mtambo wa R-22 ukitiwa R-290 waweza kuleta moto ndani ya nyumba. Kwa hiyo neno gesi pekee halitoshi katika hati ya malipo. Ni lazima lifuatwe na namba yake, na namba hiyo ilingane na ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mtambo.

2. Kuvuja

"Kiyoyozi kinavuja" ni sentensi yenye maana mbili zilizo mbali sana. Pwani, hewa ina unyevu mwingi. Ikigusa koili baridi unyevu huo hugeuka maji, kama umande wa alfajiri, nayo hukusanyika katika sinia na kutoka nje kwa bomba dogo. Bomba likizibwa na vumbi, maji humwagikia ukutani. Dawa yake ni kulizibua na kusafisha. Kuvuja kwa gesi ni jambo jingine: hakuonekani kwa macho, na huhitaji kipimo, au walau povu la sabuni kwenye maungio.

Mwenye nyumba aliyeona maji akasema "kinavuja" aweza kutozwa gharama ya gesi. Tunapendekeza kudondosha maji kwa hali ya kwanza, na kuvuja gesi kwa ya pili. Tena neno gesi lisiachwe kamwe.

3. Kutengeneza

Kitenzi hiki kimebebeshwa mzigo kupita kiasi. Hutumika kwa kuunda kitu kipya, kwa kukisafisha, kwa kukiponya na kwa kukiongezea ubora. Hati isemayo "matengenezo ya kiyoyozi" haimwambii mlipaji alicholipia. Tunapendekeza kazi zitenganishwe hivi:

(a) Kuhudumia: kuosha chujio na koili, kuzibua bomba la maji, kukaza nyaya. Hakuna kilichoharibika.

(b) Kukarabati: kuondoa hitilafu inayojulikana, kama vile kuziba tundu au kubadili kapasita. Kipuri kitajwe kwa jina.

(c) Kubadili mtambo: kuondoa wa zamani na kufunga mwingine. Gesi ya ule wa zamani ikusanywe katika mtungi, isiachiwe hewani.

(d) Kuboresha: kupata ubaridi uleule kwa umeme mchache zaidi. Hapa haihusiki mashine pekee. Kuziba nyufa za madirisha na kuweka kivuli upande wa jua la mchana ni kuboresha pia.

Wako watakaosema kwamba mafundi hawatabadili lugha yao kwa sababu ya makala. Hoja hiyo ina uzito, kwani istilahi haiamriwi ikatii. Lakini hatupendekezi neno hata moja lililo geni kwa fundi. Tunapendekeza tu kila moja likae mahali pake. Vyuo vya ufundi stadi vinavyofundisha majokofu na viyoyozi ndivyo mahali pa kuanzia, na hati ya malipo ndiyo chombo cha kuyaeneza. Mteja akiyasoma humo mara tatu, atayatumia mwenyewe mara ya nne.

Ubora wa istilahi haupimwi kwa asili ya neno tu, kama ni la Kibantu, la Kiarabu au la Kizungu. Kompresa ni mgeni asiye na madhara. Kujaza ni mwenyeji anayepotosha. Kipimo kilicho juu ya vingine ni kama msikilizaji asiye fundi, akilisikia neno, atafahamu kinachotendeka nyumbani mwake. Tunawaomba wasomaji, hasa mafundi wenyewe, watuletee maoni yao juu ya mapendekezo haya, pamoja na maneno mengine ya karakana yanayostahili kupimwa kwa mizani hiyohiyo.