Chaja, Gereji na Mzigo: Uhakiki wa Istilahi za Kuchajia Magari ya Umeme Nyumbani

Kazi ya mkuza istilahi si kukaa ofisini na kungoja orodha ya maneno iletwe mezani. Inampasa ayafuate maneno huko yaliko. Kwa sababu hiyo tulipita Kariakoo, kuanzia Mtaa wa Msimbazi hadi Gerezani, tukiwa na karatasi ya maelekezo mkononi. Karatasi hiyo, ambayo mwenye kuitoa hatutamtaja, imefungashwa pamoja na kifaa cha kuchajia gari la umeme nyumbani, nayo ina sehemu yake ya Kiswahili. Mada yake ni jinsi ya kuchaji magari mawili katika gereji moja. Tuliisoma mara tatu, na hatuna budi kukiri kwamba tuliielewa mara ya tatu tu, tena baada ya kuirudisha moyoni katika Kiingereza. Tafsiri isiyoeleweka mpaka msomaji akumbuke lugha ilikotoka haijawa tafsiri bado.

1. Maneno yaliyofasiriwa bila kukitazama kitu

Waya ambao mafundi wetu wote huuita ethi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme uliopotea njia ili usimpige mtu, karatasi inauita "waya wa dunia". Swichi inayojikata yenyewe umeme unapozidi, ambayo fundi huiita breka, imeitwa "mvunjaji". Mkondo wa umeme umeitwa "sasa", hata tukaambiwa tutumie "sasa ya 32". Umeme wa njia tatu umekuwa "umeme wa awamu tatu". Kwa Mtanzania, awamu ni kipindi cha uongozi, na asiye fundi anaweza kudhani kwamba umeme huo huja kwa zamu.

Msomaji anaweza kucheka, nasi tulicheka. Lakini waya wa ethi ndio uliosimama kati ya uhai na kifo cha mtoto anayegusa gari lililolowa mvua huku likichajiwa. Mtu asiyejua "waya wa dunia" ni upi atauacha ukining'inia, kwa kuwa kifaa huweza kuwaka hata bila waya huo. Kariakoo inaujua moto: Soko Kuu liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Hatusemi kwamba istilahi ndiyo iliyowasha moto ule. Tunasema tu kwamba mahali ambapo maduka, maghala na makazi vimebebana ghorofa juu ya ghorofa, maelekezo ya umeme yasiyoeleweka ni hatari kwa jirani pia.

2. Chaja ni ipi?

Neno "kuchaji" limekwisha kukubalika. Vibanda vyenye maandishi ya "tunachaji simu" vimelifundisha kwa watu wa rika zote, nalo linanyambulika bila taabu: chajia, chajiwa, chajika, chajisha. Wako wanaopendelea "kujaza umeme". Hatuwaungi mkono, kwani kujaza huleta picha ya mafuta yanayomiminwa kwa dakika chache, na mwenye picha hiyo atashangaa kuliona gari lake likikaa kwenye waya usiku kucha. Tatizo la "kuchaji" ni moja, nalo ni kwamba maana yake nyingine ni kutoza fedha. Mtu akiuliza, "Wanachajije hapa?" haijulikani anauliza bei au anauliza waya. Hata hivyo muktadha hutatua jambo hilo.

Neno lenye hila zaidi ni "chaja". Kwa upande wa simu, chaja ni kile kidude cha ukutani kinachougeuza umeme wa nyumbani uwe wa aina inayofaa betri. Kwa upande wa gari, kazi hiyo hufanywa na chaja iliyomo ndani ya gari lenyewe. Kisanduku cha ukutani hakigeuzi umeme. Kinaupitisha, kinaupima, kinaliambia gari kiasi linachoruhusiwa kuvuta, na kinaukata pakiwa na hitilafu. Kukiita kisanduku hicho chaja ni kumdanganya mnunuzi mara mbili. Kwanza, hununua kisanduku kikubwa cha ampea 32 akitumaini kuchaji haraka, kumbe gari lake, mathalani Nissan Leaf iliyotumika Japani, huenda lina chaja ya ndani ya kilowati 3 tu. Na lisilomeza halilishwi kwa nguvu. Pili, akishaamini kwamba kisanduku ni kama chaja ya simu, huona hakuna ubaya kukiacha na kutumia waya wa ekstensheni wa bei rahisi. Hapo ndipo plagi huanza kuyeyuka.

3. Kilowati si uniti

Karatasi inasema betri ni ya "kilowati 40" na kisanduku ni cha "kilowati 7". Msomaji atafanya hesabu gani hapo? Kilowati ni kipimo cha kasi ya umeme kutumika, ambapo ukubwa wa betri ni wingi wa umeme uliowekwa akiba. Kwa maana hiyo ya pili Watanzania tayari tuna neno, nalo ni uniti. Kila mwenye mita ya LUKU hununua uniti, na uniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Semeni basi kwamba betri ni ya uniti 40, na mama lishe wa Mtaa wa Kongo atapiga hesabu bila kufundishwa.

Tazama jinsi hesabu inavyonyooka. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230. Gari likivuta ampea 10 kwenye soketi ya kawaida, hupata wati 2,300. Betri ya uniti 40 iliyo tupu itahitaji zaidi ya saa 17. Magari mawili kwa pamoja yatavuta wati 4,600 kwa muda wote huo, tena pasi na feni, friji wala jiko. Ndipo fundi anapouliza kama nyumba ina njia moja au njia tatu, na kama wayaringi yake inaweza kustahimili.

4. Gereji na mzigo

Katika Kiswahili cha Dar es Salaam, gereji ni mahali pa mafundi wa magari. Mtu akisema gari lake liko gereji, humpa pole. Kulala kwa gari nyumbani ni jambo jingine, na pahali pake ni banda la gari. Tena wakazi wengi wa Kariakoo hawana banda. Wana maegesho, ya mtaani au ya chini ya ghorofa. "Maegesho" ni mfano wa istilahi njema: kitenzi cha kuweka kitu kando ya kingine, kama chombo kinavyoegeshwa ufukoni, kimehamia kwenye magari pasipo kelele.

Kosa la mwisho ndilo lililotuchekesha zaidi. Karatasi inaagiza: punguza mzigo kabla ya kuchaji gari la pili. Kariakoo, mzigo ni bidhaa. Mfanyabiashara mtiifu atashusha maboksi yake kwenye gari, kisha atachomeka waya huku pasi na jiko vikiendelea kuwaka ndani.

5. Mapendekezo

Tunapendekeza kisanduku cha ukutani kiitwe kisanduku cha kuchajia. Kigeuzi kilichomo garini kiitwe chaja ya ndani. Ukubwa wa betri utajwe kwa uniti. Ethi na breka yabaki kama mafundi wanavyoyasema. Na badala ya "punguza mzigo" isemwe "zima vyombo vingine vya umeme". Pale magari mawili yanapogawana mkondo wa kisanduku kimoja, ampea 16 kwa 16, isemwe tu kwamba yanachaji kwa kugawana.

Huenda tukaambiwa kwamba ethi na breka ni maneno ya kuazima yasiyo na heshima. Tutajibu kwamba Kariakoo yenyewe ni jina la kuazima, lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na leo hakuna anayeliona geni. Wala hatupingi uundaji wa maneno mapya. LUKU ni kifupi cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, nacho kimeenea kwa sababu kinasema jambo linalotendwa.

Baraza liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967 ili, pamoja na mengine, lisimamie usanifu wa lugha. Tungependa wanaoingiza vifaa vya namna hii walete maelekezo yao kabla hayajachapwa, na mafundi wa wayaringi waitwe kikaoni pamoja na wanaisimu. Mapendekezo yetu yanaweza kuwa na kasoro. Wasomaji, hasa mliokwisha kuchomeka gari ukutani, tusahihisheni.